NZE ya 2004, miaka 14 mikononi mwangu, kutu imeingia chini: nichomee au niuze?

MwalimuWaGongoni

Salaam aleikum, na hamjamboni nyote.

Nina Corolla NZE ya mwaka 2004, rangi ya fedha. Niliitoa bandarini Mombasa mwaka 2011 kwa mkopo wa sacco na pesa za upatu, dashibodi ikisoma kilomita 96,000 na ushei. Kama zilikuwa za kweli au zilirudishwa nyuma, Mungu ndiye ajuaye. Leo inasoma 287,000.

Naishi Maweni hapa Malindi, nafundisha Gongoni. Kila siku ya shule navuka daraja la Sabaki, napita Mambrui, nafika, jioni nageuza. Anayeijua njia ile anayajua malori ya chumvi. Mengine yanadondosha maji yake barabarani mwendo mzima, na ukiwa nyuma yake unawasha waipa jua linawaka.

Enjini haijafunguliwa hata siku moja. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, na kila nikibadilisha naandika kwenye daftari la hesabu la mraba, lile la darasa la nne. Gari hili limebeba watoto watatu tangu kliniki hadi sekondari. Limebeba maharusi wanne. Limempeleka mama mkwe hospitali usiku wa mvua ya masika, na mwaka mmoja lilibeba mbuzi wawili wa Idi ya kuchinja kwenye buti, harufu ikakaa mpaka Maulidi.

Sasa kisa. Wiki iliyopita tairi ya nyuma kushoto ilitoboka nikiwa sijafika Mambrui. Nikatafuta pale pa kutilia jeki, nikaiweka, nikazungusha. Nikasikia mlio kama mtu anakanyaga biskuti. Gari halikuinuka. Jeki ndiyo iliyoingia ndani ya gari.

Fundi wa bodi aliyelitazama anataka 85,000 kuchomea chini ya milango pande zote mbili na kupiga rangi. Mzee wangu, baba watoto, anasema tuuze. Kuna mtu wa Kilifi ametoa 330,000 bila hata kuinama kutazama chini, na mzee tayari ameshachagua Premio ya 2018 kwenye simu. Hesabu ya mzee ni nyepesi kwa sababu mkopo utakuwa kwa jina langu. Nilimaliza kulipa wa mwisho juzijuzi tu, na usingizi wa mtu asiye na deni nimeshauzoea.

Mliokaa na gari moja muda mrefu huku pwani, mngefanyaje?

KijanaWaBarani

Mwalimu, gari la miaka 21 si gari tena, ni mtu wa nyumbani. Uza kabla halijaanza kudai urithi.

BabaTeksi_Watamu

Binti yangu, mimi nimeendesha teksi tangu watalii wanashuka kwa mabasi. Nilikuwa na Corolla 110, ile ya kabla ya hiyo yako. Mkanda wa timing ulikatika kabla ya Mtwapa, abiria wangu akapanda matatu akaniacha hapo na muwa mkononi. Nikatia mkanda mwingine, nikaendelea miaka sita. Enjini za Toyota hazina maneno.

Lakini kutu ni ugonjwa mwingine. Chuma kikianza kuoza hakirudi. Ukichomea hapa, kinachungulia pale. Ukiona pesa ya mtu wa Kilifi iko mezani, chukua.

Na kama utabaki nalo, chukua oili chafu uliyomwaga kwenye enjini, mwambie kijana aipake chini yote kwa brashi. Mimi nafanya hivyo kila mwaka kabla ya kusi.

FundiWaShimo

Mwalimu, kabla hujawasikiliza wa kuuza wala wa kubaki, nijibu maswali mawili. Gari linaoshwa kwa maji gani? Na rejeta inajazwa nini?

Nauliza kwa sababu NZE hazifi kwa enjini. Jina lenyewe limetoka kwenye namba ya chasisi, NZE121: NZ ni enjini, E ni ukoo wa Corolla, 121 ni toleo lile lililotoka Japani mwaka 2000. Enjini hiyo ina cheni, haina mkanda kama wa 110 ya Baba Teksi. Ukiilisha oili safi kwa wakati kama ulivyofanya, cheni inazeeka pamoja nayo. Zinazoletwa kwangu zikiwa maiti zimeuawa na chumvi.

Na chumvi haingoji mvua. Inavuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana kikopo cha chumvi jikoni kwako kinaganda. Chumvi ya aina hiyohiyo imekaa ndani ya chuma cha chini ya mlango, kwa hiyo usiku kucha bati limelowa hata kama hakujanyesha mwezi mzima.

Sasa usikate shauri ukiwa umesimama. Liingize kwenye shimo la gereji, chukua bisibisi na nyundo ndogo, ugonge. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama kadibodi. Anza mbele, fungua boneti, tazama pale shokamzoba zinaposhikwa juu, kushoto na kulia. Halafu lile boriti linalobeba enjini na mikono ya magurudumu. Halafu pale ekseli ya nyuma inapofungwa kwenye bodi. Bisibisi ikizama mahali hapo, usichomee na usimuuzie mtoto wa mtu. Liende kwa wanaopima chuma kwa kilo.

Likiwa limeoza chini ya milango tu, linatengenezeka. Ila msikubali kuambiwa kwamba pale ni urembo. Gari dogo halina fremu ya peke yake chini kama lori, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kwa hiyo muulize huyo wa 85,000: anakata chuma kibovu chote na kutia bati jipya, au anabandika kiraka juu ya uozo, anasiliba filla, ile rojo ya kuzibia bodi, halafu rangi inameremeta? Siku ya kulichukua nenda na sumaku ya mlango wa friji. Bati linaishika, filla haiishiki. Na akitaka kuchomea, hakikisha ametoa kichwa cha betri kwanza, asije akakuunguzia kompyuta ya gari.

Baba Teksi, shikamoo. Oili chafu inazuia kutu kidogo, ni kweli, lakini inalainisha mipira. Bushi zinavimba na kuchanika.

BabaTeksi_Watamu

Marahaba. Mimi Probox yangu naipaka mwaka wa saba na inatembea.

FundiWaShimo

Bushi umebadilisha mara ngapi?

BabaTeksi_Watamu

Hilo si swali la kumuuliza mtu mzima mbele ya watu.

MwalimuWaGongoni

Fundi, umenitia aibu mpaka nimecheka peke yangu.

Gari linaoshwa kwa maji ya kisima. Tuna kisima uani, pampu inapandisha kwenye tangi, na kila Jumamosi kijana wa jirani analiosha kwa mpira. Tena mimi ndiye niliyekuwa nikimsimamia: osha na chini, osha na ndani ya matadigadi, toa chumvi ya Gongoni. Miaka yote hiyo nimekuwa nikitoa chumvi ya Gongoni kwa chumvi ya Maweni.

Baada ya kusoma swali lako nilitoka na kikombe nikachota, nikaonja. Si kwamba nilikuwa sijui. Chai ya maji yale haina ladha ya chai, sabuni haitoi povu, na ya kunywa tunanunua kwa mitungi au tunangoja mfereji siku unapokuja. Mimi mwenyewe siyanywi, gari ninalinywesha.

Kuhusu rejeta nimefungua daftari. Nilikuwa naandika tu, sijawahi kukaa nikasoma kurasa zote kwa mpigo. Hebu tazama:

Machi 2016, rejeta mpya.
Septemba 2019, pampu ya maji.
Januari 2021, rejeta tena.
Februari 2021, "fundi ametoa themostati, asema Malindi joto, haina kazi."

Kila mara niliambiwa ni joto la Malindi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa naongeza maji gani. Nilikuwa naongeza ya kisima, kwa chupa ya soda, asubuhi asubuhi.

Na kuna jambo jingine nimeliona nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kama nasahihisha. Kabla ya 2021 lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita 13 na zaidi. Baada ya hapo ni 11, ikizidi sana 11 na nusu. Nilidhani ni uzee wake. Kwa bei hii ya petroli, nimeumia kimyakimya.

FundiWaShimo

Themostati irudi. Kazi yake si ya nchi za baridi peke yake. Inaizuia enjini isizungushe maji yote kabla haijapata joto lake la kufanyia kazi. Ukiitoa, enjini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inazidi kumwaga petroli. Joto la Malindi ni nyuzi thelathini na kitu, enjini inataka karibu na themanini au tisini. Haviko hata kwenye daftari moja.

Rejeta utie kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, iliyochanganywa tayari, au kulanti nzito uichanganye na maji yaliyotengwa madini, yale ya kuongezea betri. Ya kisima basi.

Nimesahau jambo kubwa kuliko yote niliyosema. Gari lako ni la 2004, lina mifuko ya hewa. Mifuko iliyotengenezwa na Takata, kampuni ya Kijapani iliyofilisika mwaka 2017, ilitiwa kemikali ya amonia nitrati ya kuifumua. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ya ajali mfuko ukifumka unaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Corolla za miaka hiyo ni miongoni mwa zilizoitwa kurudishwa ili zibadilishwe. Joto na unyevu kwa miaka mingi, hayo ndiyo maisha ya gari lako. Chukua namba ya chasisi, uwaulize wakala wa Toyota kama lako limo, na kama limo, mfuko ulibadilishwa kule Japani au la. Usimruhusu fundi wa kando ya njia akuchokolee usukani.

KijanaWaBarani

Ndiyo maana nikasema uza. Mtu amekalia bomu na nyie mnazungumza themostati.

MtuWaMokowe

Mwalimu, sisi wa Amu, yaani Lamu, shida yetu nyingine kabisa. Magari hayavuki maji, kwa hiyo langu linalala Mokowe karibu na gati, mimi nalala kisiwani. Naweza kukaa wiki tatu sijaliona. Nikifika, vioo vyote vina ukungu wa chumvi, diski za breki zimegeuka rangi ya kahawia, na betri inanitazama tu.

Nililoambulia kwa miaka tisa ni hili: gari linaharibika kwa kusimama kuliko kwa kutembea. La kwako linatembea kila siku, linapata upepo, linakauka. Langu lilishikwa na handbreki mwaka wa pili. Niliivuta, nikaenda zangu kisiwani mwezi mzima, kurudi gurudumu la nyuma limegandana, ikabidi ligongwe kwa nyundo. Tangu siku hiyo nalitia kwenye P na mawe mawili chini ya matairi, handbreki siiguzi.

Na jambo dogo alilonionyesha mzee mmoja wa hapa ambaye kazi yake ni majahazi, hata si magari. Chini kabisa ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Mchanga wetu huu mwembamba unaviziba. Maji yakiingia kwa kioo hayana ndia ya kutoka, yanakaa humo kama kwenye ngalawa isiyofutwa. Chukua waya wa hanga, vichokoe. Akaniambia, "Chombo hakiozi kwa maji ya nje, chaoza kwa maji ya ndani." Nikaichokoa milango yote minne siku hiyohiyo, na mmoja ulinimwagia viatuni.

Kuuza siwezi kukushauri. Safari ya Malindi hadi Mokowe ni kilomita mia mbili na ushei, na kila nikimaliza nalipiga boneti mkono kama punda.

MwalimuWaGongoni

Narudi na habari, maana mmenisaidia na si adabu kunyamaza.

Jumamosi nimeingia shimoni mwenyewe. Fundi wa shimo hilo, kijana mdogo, alitaka nikae kwenye kiti anisimulie. Nikamwambia, mwanangu, nimesimuliwa miaka kumi na minne, leo nataka kuona. Nikajifunga leso kiunoni, nikawasha tochi ya simu, bisibisi mkononi.

Kushoto, pale jeki ilipozama: bisibisi iliingia mpaka mpini. Nilipoichomoa ilitoka na kutu ya matabaka, nyembamba kama maganda ya kitunguu, ukiishika inavunjika na vidole vinabaki vyekundu. Ndani mchanga umejaa. Kijana akachokoa vitundu kwa waya kama alivyosema Mtu wa Mokowe, na maji yakatoka. Huku kwetu hakujanyesha wiki tatu. Nilitia kidole, nikakaribia kukionja tena, nikajizuia, watu walikuwa wanatazama.

Kulia pameanza, kama upana wa kiganja, sehemu ya nyuma tu.

Halafu nikaenda kwenye yale mahali matatu. Nilikuwa na hofu, sitaficha. Mbele, pale shokamzoba zinaposhikwa, rangi imepauka na kuna kutu ya juujuu, lakini nyundo inalia kama kengele ya shule na bisibisi inateleza. Boriti la enjini limepata ukoko, chini ya ukoko ni chuma. Nyuma chuma ni kizima. Nimegonga mara mbili mbili, kijana akawa anacheka, "Mama, utalipasua zima."

Nikarudi kwa yule wa 85,000, nikamuuliza swali la kiraka au kukata. Aliangalia pembeni kidogo. Ikaja kujulikana kwamba zaidi ya nusu ya bei ni rangi ya gari zima, na chini ilikuwa ni kubandika juu ya kilichopo. Tumekubaliana upya: kushoto anakata chote, bati jipya, ndani anapaka rangi ya kuzuia kutu kabla hajafunga, kulia kipande, vitundu vibaki wazi, na chini yote ile dawa nyeusi nzito kama lami. 38,000. Rangi ingoje, mikwaruzo haijawahi kumzuia mtu kufika Gongoni. Nimemwambia nitakuja na sumaku. Amesema hajawahi kuletewa sumaku na mwanamke. Nikamwambia ajizoeze.

Themostati na kulanti zimeingia jana, 6,500 pamoja na ufundi. Sindano ya joto sasa inapanda mpaka katikati na kutulia. Nilishasahau kwamba ina kawaida ya kwenda hapo.

KijanaWaBarani, la bomu nimelichukulia kwa uzito kuliko unavyodhani. Namba ya chasisi nimeipeleka kwa wakala Mombasa, wamesema nipige Jumatano. Mpaka nipate jibu, mwanangu wa mwisho anakaa nyuma, hata akinuna.

Mtu wa Kilifi nimempigia, nikamweleza kila kitu kilichoko chini. Akashuka mpaka 210,000. Nikamshukuru.

Kijana wa jirani ameonyeshwa pipa jipya. Siku ya maji ya mfereji linajazwa, gari linaoshwa kwa hayo tu, ndoo tatu zinatosha chini. Mpira wa kisima umebaki kwa kuoshea baraza. Mzee wangu bado hajasema neno, ila picha ya ile Premio ameiweka mbele kwenye simu yake, na kila nikimsemesha naona anaitazama kwanza ndipo ananijibu.

BabaTeksi_Watamu

Binti, hiyo dawa nyeusi ni shilingi ngapi kopo? Nauliza kwa niaba ya mtu.